Testi zote kijani, mzee kaja na meseji nne

Juzi usiku kuna dogo wa Lindi kanitumia ujumbe WhatsApp, yuko chuo mwaka wa pili, ananiuliza "broo hivi moki na stabu tofauti yake nini, halafu nifanyaje testi zangu zote ziwe kijani". Testi ni vijiprogramu vifupi vinavyokagua kama mfumo wako unafanya kazi sawa, ikipita inaonyesha kijani, ikianguka nyekundu; moki na stabu ni vitu vya kuigiza vya ndani ya testi, nitavieleza chini. Nikamjibu kifupi nikalala, yaani nikajaribu kulala, maana hilo neno kijani lilinirudisha Oktoba 2024 na usingizi ukakata. Sasa naandika hapa kwa sababu najua mko wengi mnaotaka kama huyu dogo, na wote tunaota siku moja mfumo utumiwe na watu wa kweli, sio wa kumuonyesha mwalimu upate maksi.

Kwa asiyenijua, mimi nipo Mtwara mjini, naandika mifumo kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mwaka huo nilipata dili kwenye chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho, jina nalihifadhi. Mkulima analeta mzigo ghalani, unapimwa, anapata meseji ya kilo zake. Korosho zikishanunuliwa mnadani na makato yakatoka, hela inaingia, anapata meseji ya pili. Meseji zenyewe zinapita kwa kampuni ya kutuma meseji kwa API yao, yaani ule mlango ambao mfumo wangu unaongea na mfumo wao. Nilikuwa na miaka 24, najiona nimefika.

Mwanzoni testi zangu zilikuwa zinaipiga API ya kweli. Namba ya majaribio nikaweka ya mama. Siku hiyo hiyo akanipigia, "We, hizi korosho kilo hamsini nimeuza lini mimi? Na hela iko wapi?" Nikamwambia mama hiyo ni kompyuta tu, akakata simu hajaelewa. Kila nikirani testi salio la meseji linaliwa, na zote zinachukua dakika 11. Halafu ikaja ile Mei 2024, kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar imekatwa na maji huko Kilwa, tumetulia kidogo tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikapata hitilafu, nchi nzima intaneti ikawa ya kubahatisha. Testi zangu nyekundu tupu na kodi yangu haina kosa (kodi ya kompyuta, ile ya TRA tuiache).

Hapo ndo nikajifunza hivi vitu kwa nguvu. Dogo, sikiliza. Umewahi kuona karani ghalani anavyoujaribu mzani asubuhi? Anaweka jiwe ambalo uzito wake anaujua, kilo 20, mzani usiposoma 20 basi mzani ndo mbovu. Hiyo ndo stabu. Ni kitu cha uongo kinachotoa jibu ulilolijua mapema, ili upime kodi yako tu bila mambo ya nje kuingilia. Moki nayo ni kama yule mlinzi wa getini mwenye daftari, yeye anaandika nani kaingia, saa ngapi, kabeba nini, halafu mwisho wa siku unamuuliza "gari lilipita mara ngapi?" Akisema mbili na wewe ulitegemea moja, testi inaanguka. Stabu inakupa jibu, moki inakagua ulivyoongea na wa nje. Mtaalamu mmoja wa testi anaitwa Gerard Meszaros ndo alivipanga hivi vitu kwenye familia moja ya watu watano, dami, stabu, spai, moki na feki, wote akawaita dabo, kama wale wanaoruka ghorofani kwenye filamu badala ya staa. Mengine utasoma mwenyewe.

Basi nikamoki kila kitu. Dakika 11 zikawa sekunde 9. Testi 214, zote kijani. Nikapiga picha skrini nikaweka status, nikaandika "kusini tunaweza". Watu wakapiga makofi.

Siku ya malipo ya kwanza nilikuwa ofisini kwao kabisa, nimevaa shati la kupiga pasi. Zikatoka meseji za wakulima mia nne na kitu kwa mpigo. Saa mbili baadaye akaingia mzee mmoja, simu kaifunga kwenye leso, anaifungua taratibu kama mtu anayefungua dawa. Akamwonyesha katibu. Meseji nne. "Umelipwa Sh 1,105,400", mara nne, zimepishana sekunde chache. Akasema, "Mwanangu, moja nimeiona kwenye akaunti. Nimefuata hizi tatu." Nyuma yake foleni inaanza.

Ilikuwaje? Kodi yangu ilikuwa inasubiri jibu la API sekunde 5, isipojibu inahesabu imeshindwa, inajaribu tena hadi mara tatu. Siku ile API yao ilielemewa, ikawa inapokea meseji, inaituma vizuri tu, ila kurudisha jibu inachelewa. Mimi nikaelewa kukosa jibu ni kukataliwa. Sio kukataliwa! Ni kutojua. Na testi yangu ya kujaribu tena ilikuwepo, ila moki yangu ilikuwa ikishindwa inashindwa kistaarabu, inasema "hapana, sijatuma". Dunia haisemi hivyo. Moki ilirudia nilichokiamini mimi, nami nikajipongeza kwa kukubaliana na mimi mwenyewe.

Mwenyekiti alinisimamisha mbele za watu. Akasema "kijana wa kompyuta ametuletea fitina". Msimu uliofuata kazi wakapewa watu wa kutoka Dar, na bei mara tatu yangu. Nasema ukweli bado inaniuma, kosa nilirekebisha siku mbili tu na hakuna shilingi ya mtu iliyopotea, ila hakuna aliyekuja kuniambia hata asante.

Nilirekebisha hivi. Kila meseji ikapewa namba yake ya kumbukumbu na ile kampuni ikawa inaikataa ikiletwa mara ya pili. Na nikaandika testi ambayo moki inarusha taimauti (kosa la muda wa kusubiri jibu kuisha) mara ya kwanza, kwenye Python unaipa side_effect orodha, kwanza kosa halafu jibu zuri, kisha unakagua namba ya kumbukumbu ni ile ile mara zote mbili. Mistari kumi na mbili. Mistari kumi na mbili ingeniokoa.

Kingine, moki ya Python ukiiacha hivi hivi inakubali kila kitu. Ukiiita fankisheni (kipande cha kodi chenye kazi yake) ambayo haipo inasema sawa, na kinachorudi kwenye if kinahesabika kweli. Ni kama mgeni anayeitikia ndiyo kila ukimuuliza umeshiba, kumbe ana njaa. Tumia create_autospec, iwe inafuata klasi halisi (kile kifurushi cha fankisheni unachokiigiza), ukikosea jina ikukatalie pale pale. API ya watu usiimoki moja kwa moja, tengeneza klasi yako ndogo inayoongea nayo, hiyo ndo uimoki. Na uache testi moja tu au mbili zinazogonga API ya kweli, irani mara moja kwa siku, kwa namba yako wewe, sio ya mama.

Vijana tunapenda kijani kuliko tunavyopenda ukweli, ndo shida yetu. Mtu anaficha makosa yake kwenye moki halafu analaumu mtandao, analaumu umeme, analaumu wakulima hawajui kusoma meseji. Wanajua sana, yule mzee alihesabu kuliko testi zangu 214. Kabla hujaandika moki kaa na kile kitu cha kweli, kichokoze, kikatie intaneti katikati, uone kinavyojibu kikikasirika, ndo uje uandike moki inayokasirika vile vile.

Na dogo, zile testi ulizonitumia nimeziangalia leo asubuhi. Ile ya kukokotoa makato umeimoki fankisheni ya makato yenyewe. Sasa hapo umepima nini? Ifute, andika upya na kilo 296 na bei unayoijua, nitumie kesho jioni maana asubuhi nakuwa Masasi.