Bega lililoganda: kabla hujanunua vidonge vingine

Nashona nguo hapa Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda. Bega la kulia lilipoanza kuuma nililaumu cherehani, nikanunua diklofenaki, vidonge vya maumivu, duka la dawa na kuimeza wiki baada ya wiki hadi tumbo likawaka moto. Usiku sikuweza kulalia upande ule. Nikaenda kwa mkandaji. Akalivuta bega kwa nguvu nikalia kama mtoto, na kesho yake hata kuchana nywele kulinishinda.

Nasikitika kwamba miezi yote hiyo nilitibu kitu nisichokijua. Mtaalamu wa viungo alinifunulia jambo kwa kuushika tu mkono wangu. Kano, yaani uzi unaounganisha msuli na mfupa, ikichanika, mara nyingi mgonjwa hushindwa kuinua mkono mwenyewe, lakini mtu mwingine akimwinulia, unapanda. Wangu hata yeye alishindwa kuugeuza nje. Bega lilikuwa limeganda: mfuko unaozunguka kiungo umevimba na kukaza. Akaniagiza nipime sukari, maana wenye kisukari hupata ugonjwa huu zaidi ya wengine. Sukari yangu ilikuwa juu, nami sikuwa na habari. Ndugu yangu, kama umri wako ni kati ya miaka 40 na 60 na bega linakaza, kapime.

Upasuaji niliuweka kando. Bega la namna hii huweza kulegea lenyewe, ingawa huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na safari ya Kampala ni karibu kilomita 500. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, nilikubali moja, kwa kuwa maumivu yalikuwa bado makali. Hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, ila hupandisha sukari kwa siku chache, kwa hiyo mwambie daktari mapema kama una kisukari.

Kazi kubwa imefanywa na mazoezi. Kila asubuhi naweka kitambaa cha moto begani, nainama na kuuacha mkono ubembee, kisha vidole vinapanda ukutani taratibu. Maumivu yakibaki mpaka usiku, kesho napunguza.

Lakini bega likiuma baada ya kuanguka, au likivimba pamoja na homa, au maumivu yakija na kubanwa kifua, usingoje mazoezi. Panda boda uende hospitali saa hiyohiyo.

Huu ni mwezi wa 14. Mkono unafika kiunoni kwa nyuma, na dumu la maji bado nalibeba kwa kushoto.