Kuanza mapenzi upya katika mji ulikozaliwa: jibu langu kutoka Webuye

Dada, umeuliza kama ni busara kukubali posa ya mwalimu wa mjini kwenu, ilhali umerudi Bungoma kutoka Mombasa baada ya ndoa kuvunjika. Wengi waliotangulia kukujibu wamekuonya kwamba mji mdogo una macho na midomo, kwa hiyo ni heri ukapende mbali. Mimi siafikiani nao, kwani nilirudi Webuye nikiwa katika hali kama yako, na leo nimeolewa papa hapa.

Hofu ya kusemwa naielewa. Hata mimi nilikuwa nikipitia vichochoro nikienda sokoni. Hata hivyo, Webuye haushangai sana mtu akianza upya. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa mwaka 2009, nyumba nyingi zilizotegemea mishahara yake zilijikuta hazina kitu, na watu waliozoea kuvaa ovaroli za kiwanda wakaingia kwenye bodaboda na biashara ya mahindi. Niliporudi na watoto na cherehani, nilisemwa kwa muda, kisha wale wale walionisema wakaniletea sare za shule niwashonee.

Jambo ambalo wenzangu hawakulitaja ni kwamba mji unaokujua wewe unamjua na yeye. Mume wangu wa kwanza nilikutana naye Nairobi, na yote niliyoyajua kumhusu niliyapata kinywani mwake mwenyewe. Huyu wa sasa, mjane mwenye duka la pembejeo karibu na stendi, sikuwa na haja ya kumhoji. Mama anayeuza ndizi pale nje alinieleza jinsi alivyomuuguza marehemu mkewe mpaka siku ya mwisho. Wakulima walijua kwamba hukopesha mbegu na hamwaibishi mdeni mbele ya watu. Kasoro zake pia niliambiwa bila kuuliza: ni mkono wa birika, na akiudhika hununa siku nzima. Yote mawili ni kweli, nathibitisha.

Alianza kwa kuleta suruali nipunguze. Ya kwanza ilikuwa ndefu kweli. Ya pili, nilipoikunjua mezani, niliona pindo limefumuliwa kwa wembe, vipande vya uzi vikining'inia, na alama ya mkunjo wa zamani ikionyesha wazi kwamba urefu wake ulikuwa barabara kabla haijaguswa. Nilimwuliza ni nani aliyeifumua. Hakujibu, alilipa, akaondoka bila kuchukua chenji, na mtu yule, kama nilivyokwisha kusema, hasahau chenji.

Basi usiuzibie umbea masikio, bali uuchuje. Neno la mtu mmoja huenda likawa wivu. Lakini ukilisikia kwa watu watatu wasiosalimiana, hasa likihusu kupiga mke au kutelekeza watoto, liamini na umkatae bila kungoja ushahidi zaidi.

Kabla ya kumpa mwalimu jibu, maliza mambo ya ndoa ya kwanza. Kama ilifungwa kanisani au kwa msajili, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua kuwa ya mke mmoja, na kutengana hakuivunji hata mkikaa mbalimbali miaka mingi. Unahitaji hukumu ya talaka kutoka mahakamani. Kama mahari yalitolewa, wazee wa pande zote mbili watauliza habari za ng'ombe wale, na ni afadhali mjomba wako aende kuzungumza na wakwe wa zamani kabla wageni wapya hawajafika kwenu. Na kama unadhani mtaoana kimyakimya kwa msajili, kumbuka kwamba ndoa ya kiraia hutanguliwa na ilani ya angalau siku 21. Sheria yenyewe inataka watu wajue.

Watoto nao waambie wewe, tena mapema, kwa sababu wasiposikia kwako watasikia shuleni. Suala la makazi lilitusumbua kuliko yote: nilikataa kuingia katika nyumba ya marehemu, yeye akaona nambebesha gharama za bure, akanuna, na ni mama mkwe aliyeamua kwamba tujenge nyingine. Nashukuru wakati huo nilikuwa na kipato changu, maana niliweza kukataa bila kuogopa kulala njaa. Wewe pia usihamie kwa mtu kabla hujapata chochote cha kukuingizia pesa pale Bungoma, hata kiwe kibanda cha mboga.

Hukusema ndoa yako ilifungwa kwa njia gani. Ukinieleza, nitakuandikia hatua nilizopitia mimi katika mahakama ya hapa Webuye, pamoja na karatasi nilizotakiwa kupeleka.