Spartacus angefika Sisilia, ingekuwaje?

Kwa ajili ya simulizi yako, umeuliza ingekuwaje kama maharamia wa Kilikia wasingepokea malipo ya Spartacus, kiongozi wa uasi wa watumwa dhidi ya Roma, kisha wakamtelekeza ufukweni mwa Italia. Naona Sisilia ingewaka moto, ila kuishika kisiwa kizima ni suala jingine. Plutarch, mwandishi wa kale, anasema Spartacus alitaka kuvusha watu 2,000 tu, na hesabu hiyo ina mantiki: watumwa wa huko walishaasi mara mbili, 135–132 KK na 104–100 KK, hivyo walihitaji cheche, si jeshi zima. Tena wangeishika ngano iliyoilisha Roma!

Kikwazo kikubwa ni mlango-bahari wa Messina, unaoitenganisha Sisilia na Italia bara. Penye wembamba una kilomita 3 hivi, lakini mkondo wake ni mkali mno. Vyelezo vya magogo na mapipa walivyojaribu vilishindwa. Hata merikebu zingekuja, zikiondoka baada ya safari ya kwanza, wale 2,000 wangetengwa na wenzao waliobaki bara, ambako Crassus, jemadari wa Roma, alikuwa na legioni (vikosi vikubwa vya jeshi) 8 na handaki lililokata rasi ya Bruttium, kusini kabisa mwa Italia. Kwa hiyo katika simulizi yako, wape kwanza bandari na mabaharia wao wenyewe.