Sauti kukwaruza baada ya kubadilisha transista: angalia besi ya transista kwanza

Mkuu, umesema amplifaya yako ya maikrofoni yenye BC547 moja ilikuwa safi, transista ikaungua, ukaweka nyingine ya namba ileile na sasa sauti inakwaruza. Usiitupe hiyo mpya, ni nzima. Shida ni kwamba besi (mguu wa transista unaoingiza mkondo mdogo wa kukuzwa) inapata umeme kwa rezista moja tu kutoka volti 12.

Hili lilinisumbua wiki nzima. Besi yangu ilikuwa na rezista ya megaomu 2.2, na kolekta (mguu unaotoa sauti iliyokuzwa) ilikuwa na ya kiloomu 5.6. Transista ya kwanza ilikuza mkondo wa besi mara 220 hivi, kolekta ikatulia karibu na volti 6. Hapo wimbi lina nafasi ya kupanda na kushuka. Ya pili niliipima kwa multimita, ikasoma 400. Mkondo wa kolekta ukakaribia kuwa maradufu, volteji yake ikaporomoka chini ya volti 1, wimbi likakosa pa kushukia na kukatwa upande mmoja. BC547 huwa na kipimo hicho popote kati ya 110 na 800. Zile herufi A, B na C mwishoni ni za kuyatenga makundi.

Weka rezista mbili kwenye besi: kiloomu 68 kwenda chanya, kiloomu 10 kwenda hasi. Besi itakaa kwenye volti 1.5 hivi, na emita (mguu wa tatu, ulio upande wa hasi) 0.9. Chini ya emita fuatanisha omu 100 na omu 820. Mkondo unakuwa karibu miliampea 1, transista iwe yoyote. Ikipata joto ikataka kuvuta zaidi, volteji ya emita inapanda, pengo lake na besi linapungua, mkondo unarudi. Mimi naipenda sana hii: saketi inajirekebisha yenyewe.

Kisha funga kapasita ya mikrofaradi 100 sambamba na ile ya 820 tu. Ukuzaji unakuwa 5600 (rezista ya kolekta) ugawe kwa 125, yaani mara 45 hivi. (Omu 25 za ziada ni za ndani ya transista kwenye miliampea 1.) Ukiifunga kapasita sambamba na ile ya 100 pia, unapita mara 200, ila mtu akipaza sauti inaharibika. Bora 45, na volyumu uiweke mbele, baada ya kapasita ya kutolea.

Kabla ya kuunganisha maikrofoni pima kolekta. Ikisoma kati ya volti 6 na 7, endelea.