Kichwa kilichokuwa kikiuma kila saa tisa

Kwa karibu miaka miwili sikuhitaji saa ya ukutani kujua kwamba saa tisa alasiri imefika. Paji la uso linaanza kugonga, macho yanakauka, na dada wa kaunta anapiga miayo mbele ya wateja. Nilibadilisha miwani. Nikapunguza chai. Droo yangu ikajaa Panadol. Ofisi yetu ni ya uchapaji na fotokopi, chumba kimoja katikati ya jiji la Mwanza, watu watano na mashine tatu, kiyoyozi kinanguruma tangu asubuhi. Kwa baridi ile, nani angeishuku hewa?

Siku moja umeme ukakatika tangu saa nne. Tukafungua mlango wa mbele na wa nyuma, jasho likadondokea karatasi za wateja, tukanung'unika mpaka jioni. Nafunga kufuli ndipo nikakumbuka kwamba siku hiyo hakuna aliyeomba Panadol.

Nilichokuja kukijua ni kwamba kiyoyozi cha ukutani, hiki cha kawaida, hakileti hewa mpya. Kinavuta hewa ileile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Lile dude la nje linatoa joto tu. Kwa hiyo mkijifungia mnavuta pumzi za wenzenu, na mafua ya mmoja yanakuwa ya ofisi nzima kabla wiki haijaisha. Rafiki yangu aliniazima kipimo kidogo cha kaboni dayoksaidi, ile gesi tunayoitoa tukipumua. Nje kilisoma karibu 420, kwa hesabu ya sehemu kwa milioni. Ndani, saa tisa ileile, kilisoma 2,300. Ikipita 1,000, watu wa fani hiyo huichukulia kama dalili kwamba chumba hakibadilishi hewa vya kutosha. Gesi hiyo kwa kiasi hicho haiui mtu, ila inakuonyesha kwamba na vingine vimejazana humo: vijidudu, vumbi la karatasi, harufu ya tona, ule wino wa unga wa mashine.

Aliyetufumbua macho kabisa ni fundi mmoja mzee wa Kisukuma aliyekuja kutengeneza dari. Akatuamkia "Mwangaluka," akatazama juu, akauliza, "Nani kaiziba pua nyumba hii?" Juu ya madirisha palikuwa na mstari wa matundu ya hewa, kama nyumba nyingi za zamani hapa kwetu, na sisi wenyewe tuliyaziba tulipofunga kiyoyozi, eti baridi isitoroke. Saruji nililipia mimi! Mzee alichukua tindo, na kabla ya adhuhuri matundu yalikuwa wazi.

Halafu kuna upepo wa ziwa, ambao tunao bure na hatuutumii. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na ya ziwani huja kushika nafasi. Usiku mambo hugeuka, na wenye mitumbwi ya tanga wanalijua hilo tangu zamani. Basi dirisha linaloelekea ziwani ndilo la kuingizia hewa mchana, na la upande wa pili ndilo la kutolea. Moja peke yake halisaidii sana. Letu la kutolea lilikuwa limezibwa na maboksi ya rimu za karatasi, sijui tangu lini. Tuliyahamisha, tukasogeza mashine za fotokopi karibu na dirisha hilo, kwa kuwa zikifanya kazi hutoa joto, harufu na vumbi laini. Feni tukaigeuza itazame nje, isukume hewa chafu. Wateja walituona vichaa.

Najua utaniuliza habari za wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Weka wavu wenye matundu madogo, lakini usisahau kuupiga brashi kila wiki, maana wavu uliojaa vumbi ni sawa na ukuta. Jioni zima taa zilizo karibu na dirisha, kwa sababu mwanga ndio unaowaita. Kufagia tumeacha, tunapangusa kwa kitambaa chenye maji. Filta ya kiyoyozi tunaiosha wenyewe. Manukato ya kupuliza nimeyapiga marufuku, yanafunika harufu na kuongeza kemikali. Na maua ya chungu? Yanapendeza. Ila ule utafiti wa NASA wa mwaka 1989 ambao watu wanautaja sana kwamba mimea husafisha hewa ulifanyika ndani ya masanduku yaliyofungwa, si katika ofisi yenye wateja wanaoingia na kutoka.

Jambo moja sina utani nalo, nalo ni jenereta na jiko la mkaa. Sisi tulikuwa tunachemshia chai stoo, mlango umefungwa ili moshi usiwafikie wateja. Mkaa ukishakolea moshi hauonekani, lakini kaboni monoksaidi inaendelea kutoka, haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa na kizunguzungu, na inaua. Jenereta ni vilevile: iwe nje kabisa, mbali na madirisha, bomba la moshi likitazama kwingine. Kibarazani si nje.

Kama wewe ni mwajiriwa na bosi hataki kusikia, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakulinda, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndio wakaguzi. Ila mimi ningeanza na hesabu ya siku ambazo watu wameugua. Mabosi husikia hesabu.

Siku hizi saa tisa kipimo kinasoma kama 700, na droo yangu ina kalamu. Kilichobaki ni jirani, ambaye jenereta yake iko koridoni. Akiiwasha tunafunga dirisha la upande ule, tunaacha la mbele wazi, na dada wa kaunta anaenda kumwomba tena aisogeze. Tunamtuma yeye kwa sababu ndiye anayejua kutoa shikamoo ya kueleweka. Wiki iliyopita imesogea hatua nne.