Wasomaji Wauliza: Mkwaruzo wa Lugha au wa Uzee?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba wataalamu wa fonetiki hupima kwa kompyuta sauti za glota (uwazi ulio kati ya nyuzi za sauti kooni) katika lahaja za Kieven zinazokaribia kutoweka. Ikiwa wasemaji waliobaki wengi ni wazee, na sauti ya mzee aghalabu hukwaruza, mtafiti hujuaje kwamba mkwaruzo anaoupima ni wa lugha na si wa umri?

JIBU: Swali lako limegusa penye ugumu hasa. Kieven ni lugha ya Kitungusi, yaani ya familia ya lugha za Siberia na kaskazini mwa China, inayosemwa kaskazini mashariki mwa Urusi, katika vijiji vilivyotawanyika kuanzia Yakutia hadi Kamchatka. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu Waeven zaidi ya 22,000, lakini waliosema wanaijua lugha yao hawakufika 6,000. Kwa hiyo mtafiti hana anasa ya kuchagua wasemaji vijana wenye sauti safi, hurekodi waliopo.

Sauti ya glota inayojulikana zaidi katika Kieven ni h. Mahali ambapo Kievenki, lugha ndugu, hutamka si kwa maana ya "wewe", Kieven hutamka hi, na katika baadhi ya lahaja za magharibi h hiyo husikika hata katikati na mwishoni mwa neno, pale ambapo lahaja nyingine zimebaki na s. Ikikaa kati ya irabu mbili, mara nyingi nyuzi za sauti haziachi kutetema bali hulegea tu, na pumzi ikapenya. Kwenye spektrogramu, yaani picha ya sauti inayochorwa na kompyuta, huoni pengo. Unaona irabu iliyofifia kwa muda mfupi. Glota ikibanwa badala ya kulegea, mistari ya wima inayoonyesha kila mpigo wa nyuzi hutengana na kupoteza mpangilio: sauti ya kiume ya hezi 120 (mipigo 120 kwa sekunde) hupiga kila baada ya milisekunde 8 hivi, lakini katika mkwaruzo nafasi hiyo yaweza kuzidi milisekunde 15.

Hapo programu ya kompyuta inayopima sauti hudanganya kwa urahisi. Kikomo cha chini cha kutafuta masafa, yaani idadi ya mipigo kwa sekunde, kikiachwa kwenye hezi 75, mipigo ya polepole haitambuliwi, na jedwali hutoa nafasi tupu ambayo mtu mwenye haraka ataidhania kuwa ni ukimya. Kukishusha hadi 40 husaidia, ila mngurumo wa umeme, ambao nchini Urusi ni wa hezi 50, huingia papo hapo. Kwa maoni yangu, kinasa sauti kinachotumia betri, mbali na jokofu la mwenyeji, kina faida kuliko hesabu nyingi za baadaye.

Kuhusu uzee, dawa ni kumlinganisha msemaji na nafsi yake. Kipimo cha kawaida ni tofauti ya nguvu kati ya hamoniki (viambajengo vya sauti) ya kwanza na ya pili: kwa kawaida huongezeka sauti inapokuwa na pumzi na kupungua inapobanwa. Thamani yenyewe kwa bibi wa miaka 75 haituambii mengi. Tunachotafuta ni kama tofauti hiyo hubadilika kila anapofika kwenye konsonanti husika, ikilinganishwa na irabu ileile katika maneno yasiyo na konsonanti hiyo. Mkwaruzo wa umri hutapakaa katika usemi mzima na huzidi mwishoni mwa sentensi, pumzi inapopungua. Wa lugha hufuata neno popote linapokwenda. Ndiyo maana neno moja hurudiwa mara kadhaa katikati ya sentensi isiyobadilika, wala halisomwi peke yake kutoka kwenye orodha.

Irabu zenyewe zinahitaji uangalifu, kwani Kieven kina upatanifu wa irabu, yaani kanuni kwamba irabu za neno moja hutoka kundi moja, unaozigawa katika makundi mawili, na tofauti hiyo imewahi kuelezwa kuwa inahusisha kubanwa kwa koo. Atakayechanganya makundi hayo katika wastani mmoja atapata tofauti nzuri kwenye grafu, lakini itakuwa ya irabu, si ya glota.