Muulize Fundi: Akiba ya kikoba imegoma

SWALI: Mambo fundi, naandika kaprogramu ka Python ka kikoba cha mama. Juzi nilikosea nikaingiza akiba ya mtu -20000 na programu ikameza kimya, jamaa akaniambia weka propati yenye seta, yaani kifunction kinachoitwa kila thamani inapowekwa ili kiikague kwanza, nimeweka, sasa hata mwanachama wa kwanza hasajiliki, inatapika mistari kibao halafu mwishoni RecursionError. Ndani ya seta nimeandika self.akiba = kiasi. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Poa mdogo wangu. Umekosea hapohapo uliponitajia. Ukishaifanya akiba kuwa propati, kila ukiandika self.akiba = kitu Python inaita seta, na wewe uko ndani ya seta, kwahiyo inajiita yenyewe, inajiita tena, ni kama mweka hazina anapokea hela anasema ngoja nimkabidhi mweka hazina. Python ikifika kama mara 1000 inachoka, inakata. Hela yenyewe itunze kwenye jina lingine, wengi tunaweka kistari cha chini mbele:

class Mwanachama:
    def __init__(self, akiba):
        self.akiba = akiba

    @property
    def akiba(self):
        return self._akiba

    @akiba.setter
    def akiba(self, kiasi):
        if kiasi < 0:
            raise ValueError("Akiba haiwezi kuwa hasi")
        self._akiba = kiasi

Geta, ile ya kusoma iliyo chini ya @property, nayo irudishe self._akiba, la sivyo utazunguka vilevile. Halafu cheki __init__, pale sijaweka kistari, makusudi kabisa, ili hata siku ya kusajiliwa hela ipite kwenye seta ikaguliwe. Ungeweka kistari pale ile -20000 ingepenya tena mlango wa nyuma. Na seta ipe jina lilelile akiba, ukiiita weka_akiba basi akiba inabaki ya kusoma tu, ukijaribu kuibadilisha unakula AttributeError.

Ila usije ukaweka propati kila mahali, wenzetu waliotokea lugha ya Java wana huo ugonjwa. Jina, namba ya simu, acha wazi tu, siku ukitaka ukaguzi utaongeza na kwingine kote hugusi kitu, hata m.akiba += 5000 (m ni mwanachama uliyemsajili) inaendelea kama kawaida. Kile kistari pia sio kufuli, mtu akiandika m._akiba = -20000 inapita.